Uzi Ukikatika, Kagua Vifaa Vidogo

Sisi wafumaji wa hapa Mkuu, Rombo, tumezoea kulaumu uzi. Uzi ukikatika tunasema, "Aa, uzi huu mbovu!" Mara nyingi kosa liko kwenye vifaa vidogo vya mtambo. Kitambaa hutoka na mistari, mnunuzi hukikataa, na kazi ya siku nzima imepotea bure.

Tazama mfano wa John Kay wa Uingereza. Alitengeneza kitana cha nyaya za chuma badala ya matete. Tena mwaka 1733 alibuni njia ya kurusha mshindio kwa kuvuta kamba. Mfumaji mmoja akaweza kufuma kitambaa kipana peke yake. Kumbe alibadili vipande vidogo tu!

Sasa tufanye hivi:

1. Pitisha kidole kwenye kila jino la kitana. Penye makali, piga msasa laini. Jino likipinda linyoshe, nafasi ziwe sawa.

2. Kile kipande cha mti kinachobeba uzi wa mshindio kiwe cha mti mgumu. Mgrivelia ni mlaini, huchanika upesi. Kisugue nta ya nyuki. Mafuta huchafua kitambaa.

3. Ngozi inayokirusha ikianza kutoboka, weka nyingine.

Ukihitaji ushauri, nenda SIDO pale Moshi. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo.

Basi tukague kila asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.