Haba na Haba Hujaza Kibaba: Kigeuza-Volti cha Kapasita Ndani ya Chipu

Utangulizi

Simu ya mkononi inapopata joto kiganjani, sehemu ya joto hilo ni nishati iliyotoka katika betri bila kufanya kazi yoyote ya maana. Betri ya lithiamu hutoa takriban volti 3.7, ilhali kiini cha prosesa aghalabu huhitaji volti 1 au chini yake. Sharti pawepo kiungo cha kushusha volti hizo, tena katika hatua kadhaa. Makala hii inanuia kufafanua kiungo kimoja cha aina hiyo, yaani kigeuza-volti cha kapasita na swichi kinachojengwa ndani ya chipu yenyewe. Hoja yetu ni kwamba siri ya ufanisi wake imo katika methali tunayoijua sote: haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, tutaona kwamba methali hiyo nayo ina mpaka wake.

Kwa nini kapasita?

Njia nyepesi ya kushusha volti ni kuweka kizuizi njiani. Kizuizi hugeuza ziada yote kuwa joto. Tukishusha volti 1.8 hadi 0.9 kwa njia hii, nusu ya nishati hupotea, wala hakuna ustadi unaoweza kuiokoa. Njia ya pili ni koili, ambayo huhifadhi nishati katika uga wa sumaku. Koili ina ufanisi mkubwa, lakini ni vigumu kuijenga juu ya silikoni: hula nafasi, na waya zake nyembamba zina ukinzani mwingi. Kapasita na transista, kinyume chake, ni vitu ambavyo viwanda vya chipu vimezoea kuvitengeneza.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo mwaka wa 1932, John Cockcroft na Ernest Walton wa Cambridge walitumia saketi ya kapasita kupandisha volti hadi mamia ya maelfu, wakapasua kiini cha atomu ya lithiamu. Mwaka wa 1976, J. F. Dickson alieleza saketi ya jamii hiyo inayofaa kujengwa ndani ya chipu. Hao walipandisha volti. Sisi tunazishusha, ila msingi ni uleule.

Utendakazi wake

Chukua kapasita moja na swichi nne, ambazo ni transista. Katika hatua ya kwanza, swichi mbili huiweka kapasita kati ya chanzo cha volti 1.8 na mzigo, kwa mfululizo, hivyo kapasita na mzigo hugawana volti nusu kwa nusu. Katika hatua ya pili, swichi hizo hukata njia, na mbili nyingine huiunganisha kapasita sambamba na mzigo ili iupe chaji iliyohifadhi. Hatua hizi mbili hurudiwa mamilioni ya mara kwa sekunde. Mzigo hupata karibu volti 0.9.

Nishati hupotelea wapi?

Kapasita tupu ikijazwa moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, nusu ya nishati iliyotolewa hupotea, hata waya uwe mnene kiasi gani. Kwa bahati njema, kapasita yetu haiachwi ikauke. Huongezewa kidogo, ikatoa kidogo. Upotevu wa kila mara hulingana na kipeo cha pili cha tofauti ya volti. Tukiipunguza tofauti hiyo kwa nusu, upotevu wa kila mzunguko huwa robo. Na ingawa mizunguko inaongezeka maradufu, jumla ya upotevu hushuka kwa nusu. Hapa ndipo haba na haba inapothibitika.

Kigeuza-volti hiki hujifanya kama chenye ukinzani wa ndani ambao ni 1 gawanya kwa mara nne ya idadi ya mizunguko kwa sekunde mara ukubwa wa kapasita. Kapasita ya nanofaradi 10 ikizungushwa mara milioni 100 kwa sekunde huleta ukinzani wa omu 0.25. Mzigo ukivuta ampea 0.2, volti hushuka kutoka 0.9 hadi 0.85, na ufanisi huwa takriban asilimia 94.

Mizani ya mbunifu

Je, mbona tusizungushe haraka zaidi bila kikomo? Kwa sababu kila safari ya kisimani ina gharama yake. Kuwasha na kuzima transista hula nishati kila mzunguko. Tena, bamba la kapasita lililo karibu na msingi wa silikoni huunda kapasita nyingine isiyotakiwa, ambayo hujazwa na kumwagwa bure. Transista zikipanuliwa, ukinzani wao hupungua, lakini gharama ya kuziwasha hupanda. Mwaka wa 2008, Michael Seeman na Seth Sanders wa Berkeley walichapisha mbinu ya kukadiria upotevu huu na kugawa eneo la chipu ipasavyo.

Suluhisho jingine ni kapasita bora. Mwaka wa 2010, watafiti wa IBM walitumia kapasita zilizochimbwa kama visima virefu ndani ya silikoni, wakafikia ufanisi wa asilimia 90 huku kila milimita mraba ikitoa ampea 2.3.

Umesalia udhaifu mmoja: uwiano wa volti hauyumbi. Saketi ya nusu ikitakiwa kutoa volti 0.6 kutoka 1.8, ufanisi hauwezi kuzidi asilimia 67. Ndiyo maana wabunifu huongeza kapasita na swichi ili saketi iweze kuhama kutoka nusu hadi theluthi, panapohitajika.

Hitimisho

Kibaba ni kipimo cha nafaka, na waliobuni methali hawakuwaza transista. Lakini mantiki yao imetufikisha katikati ya chipu, kisha hesabu ikatuonyesha mahali pa kusimama: haba isiwe kubwa ikapoteza kwa kumwagika, wala isiwe ndogo mno ikapoteza kwa safari. Tumeyaeleza haya kwa ukinzani, mkondo, chaji na uga wa sumaku, maneno ambayo tayari tunayo. Kinachopungua ni mazoea ya kuyatumia, na mazoea hayo ni jukumu letu sisi wanafunzi wa Kiswahili.