Upele: Tiba ya Mmoja Haitoshi, Familia Nzima Itibiwe Siku Moja

Mzazi mwenye upele huhofia kumwambukiza mtoto anayelala naye. Wapo wanaoacha kumpakata mtoto, wapo wanaohamia kulala sakafuni, na wapo wanaoficha ugonjwa kwa kuona aibu. Hofu hiyo ina msingi, lakini kujificha huchelewesha tiba na kuwaweka wengine hatarini.

Upele husababishwa na mdudu mdogo sana wa jamii ya utitiri, ambaye ni vigumu kumwona kwa macho. Mdudu jike huchimba ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili hadi matatu kwa siku. Mwasho huzidi usiku, na vipele huonekana hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni na sehemu za siri.

Maambukizi hutokea ngozi zinapogusana kwa muda, kama vile kulala kitanda kimoja au kumbeba mtoto. Kusalimiana kwa mkono kwa haraka huambukiza kwa nadra. Uchafu sio chanzo cha ugonjwa huu. Hata anayeoga kila siku huweza kuupata, na kuoga pekee hakuuponyi.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba, kwa anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, mwasho huweza kuchelewa wiki nne hadi sita, ilhali katika muda huo tayari anaweza kuambukiza wengine. Ndiyo maana mgonjwa akitibiwa peke yake hupona, kisha akaambukizwa upya na ndugu ambaye bado hajikuni.

Hivyo, wote wanaoishi nyumba moja wanashauriwa kwenda kituo cha afya na kutibiwa siku moja, hata wasio na dalili. Dawa zitumikazo ni za kupaka, kama permethrini na benzili benzoeti (BBE), au vidonge vya ivermektini. Wajawazito na watoto wadogo wasipewe vidonge hivyo bila maelekezo ya daktari. Dawa hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, ikiwemo chini ya kucha, na dozi hurudiwa kadiri mtoa huduma atakavyoelekeza. Kwa watoto wachanga, mtoa huduma huelekeza pia upakaji wa kichwani.

Siku hiyohiyo, nguo, mashuka na taulo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe katika mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kwa kuwa mdudu huyo kwa kawaida hufa ndani ya siku mbili hadi tatu akiwa nje ya mwili.

Mwasho huweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne baada ya tiba; hali hiyo pekee haimaanishi kuwa dawa imeshindwa. Ukizidi muda huo, au vipele vipya vikitokea, mgonjwa arejee kituoni. Vidonda vyenye usaha, homa, uso kuvimba au mkojo mwekundu vinahitaji matibabu ya haraka, kwani bakteria wanaoingia kwenye michubuko huweza kudhuru figo.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Ni ugonjwa unaotibika. Mwanafunzi aliyetibiwa ipasavyo kwa kawaida huweza kurejea shuleni siku inayofuata, na mzazi humpakata tena mtoto wake bila hofu.