Fundi wa kufuli aliyenasa kifo cha nyota

USIKU wa Septemba 20, 2016, Víctor Buso, fundi wa kufuli katika mji wa Rosario nchini Argentina, alipanda juu ya paa la nyumba yake ili kujaribu kamera mpya aliyoifunga kwenye darubini. Aliielekeza kwa galaksi iitwayo NGC 613, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 80, akaanza kupiga picha moja baada ya nyingine.

Alipozikagua, aliona kitone cha mwangaza ambacho hakikuwepo katika picha za awali. Kadiri muda ulivyosonga, ndivyo kilivyozidi kung'aa. Buso hakukawia kuwaarifu wengine.

Alichokinasa ni mwanzo wa supanova, yaani mlipuko unaohitimisha maisha ya nyota kubwa. Katika uhai wake, nyota huunganisha chembe za gesi na kutoa nishati inayouzuia uzito wake usiielemee. Nishati hiyo ikikatika, kiini huporomoka kwa muda usiozidi sekunde moja na kuzua wimbi la mshtuko linalosukuma kila kitu kuelekea nje. Wimbi hilo huchukua saa nyingi kufika kwenye uso wa nyota, na ni hapo tu ndipo mwangaza wa kwanza huchomoza.

Mwangaza huo hufifia haraka, nao ndio unaobeba habari za ukubwa na umbo la nyota kabla ya kusambaratika. Hata hivyo, ni nadra sana kuuona. Galaksi moja hupata milipuko michache tu katika karne nzima, na hakuna ajuaye ni nyota ipi itakayofuata. Aghalabu habari huwafikia wataalamu siku kadhaa baadaye, maiti ikiwa imekwisha kupoa.

Safari hii, darubini kubwa zilielekezwa huko mapema, zikiwemo za Marekani. Matokeo ya utafiti ulioongozwa na Melina Bersten wa Argentina yalichapishwa katika jarida la Nature mnamo Februari 2018. Ilibainika kuwa nyota hiyo, ambayo sasa mlipuko wake huitwa SN 2016gkg, ilizaliwa ikiwa na uzito wa takriban mara 20 ya jua letu, ila ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya gesi yake, yamkini kwa nyota jirani.

Elimu hii haiko mbali na maisha ya binadamu. Madini ya chuma yaliyo katika damu na kalisi iliyo katika mifupa yalifinyangwa ndani ya nyota na kutawanywa na milipuko ya aina hii.

Buso si wa pekee. Mnamo Mei 19, 2023, Koichi Itagaki wa Japani, ambaye pia hutazama anga kwa kujitolea, aliripoti supanova katika galaksi ya M101, ikiwa bado changa mno.

Kituo kipya cha Vera Rubin nchini Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kimeundwa kupekua anga yote ya kusini kila baada ya siku chache. Lakini katika siku hizo chache, nyota yaweza kulipuka bila shahidi. Ndiyo maana jicho la mtu aliye macho juu ya paa lake lingali na thamani.