Mcheza kwao hutunzwa? Funzo la Supa Modo kutoka Kibabii

Dadangu alinituma Kibabii nikamrekebishe mwanawe. Kijana asomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Kibabii, kaunti ya Bungoma, na habari zilizomfikia mamake huku Mombasa ni kuwa ameingia kikundi cha wanafunzi wanaopiga filamu kwa simu. Dadangu auza viazi karai na bhajia tangu alasiri hadi usiku ili alipe ada. "Nenda ukamwambie sikumpeleka kule kucheza sinema," alinambia. "Wewe ndiwe mjomba wake, wewe atakusikiza."

Basi nikalala safarini, nikashuka Bungoma mjini asubuhi, nikapanda matatu ya kwenda Chwele. Kibabii si mbali kutoka mjini. Chuo chenyewe bado ni kichanga, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Hotuba yangu nilikuwa nayo tayari kichwani.

Kijana alinipokea vizuri, akanipa chai, kisha akanambia: "Mjomba, kabla hujanigombeza, nakuomba tutazame filamu moja. Haifiki hata saa moja na nusu." Wakaingia wenzake wanne, watoto wa huko huko Bungoma na Kitale, wakajipanga kitandani na sakafuni. Kompyuta ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Filamu yenyewe ni Supa Modo, iliyotoka mwaka 2018. Kwa wasioijua, ni hadithi ya Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usio na tiba. Anatolewa hospitali arudi kijijini kwao Maweni, akae na mamake siku zilizobakia. Jo hapendi kitu kama filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na anaota kuwa mmoja wao. Mamake, ambaye ni mkunga, ataka mtoto alale ndani apumzike. Dadake, Mwix, haoni maana ya mtoto kumaliza siku zake akitazama dari. Anamwaminisha kuwa anazo nguvu kweli, kisha kijiji kizima kinaingia katika mchezo huo, hata wakaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe.

Hii ndiyo aina ya filamu inayochanganya kicheko na kilio. Unacheka watu wazima wakijifanya wajinga mbele ya mtoto, na kicheko hakijakwisha kooni wakumbuka kwa nini wanafanya hivyo. Mwisho wake siusemi. Nitasema tu kuwa chumba kilichokuwa na kelele kikawa kimya, na mmoja wa wale vijana akatoka nje akisingizia simu.

Sasa tuje kwa jambo ambalo kijana alitaka nilione. Mkurugenzi wa filamu hii ni Likarion Wainaina, na ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Mtoto Jo ameigizwa na Stycie Waweru, mama ni Marianne Nungo na Mwix ni Nyawara Ndambia. Haina magari yanayolipuka wala majumba ya kifahari. Ina kijiji kimoja, watu wa kawaida, nguo za kushonwa nyumbani, na muda wake ni dakika 74. Mwenye fedha kidogo huandika hadithi inayotosha katika mfuko wake. Hapa waandishi walifanya werevu zaidi: umaskini wa vifaa wakaufanya kuwa sehemu ya hadithi, maana wanakijiji nao wanapiga filamu bila pesa.

Ilitoka katika mpango wa One Fine Day Films, ulioanzishwa na mkurugenzi Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ambao uliwafunza vijana wa Afrika kazi ya filamu jijini Nairobi kisha ukatengeneza filamu nao. Ndiko zilikotoka Soul Boy ya mwaka 2010, iliyopigwa Kibera, na Nairobi Half Life ya 2012.

Na mapokezi? Ilionyeshwa kwanza Berlin, katika tamasha kubwa la filamu la Februari 2018, kitengo cha watoto, na baraza la waamuzi watoto likaitaja kwa sifa maalumu. Ikazunguka matamasha mengine ya nje. Mwaka huo huo Kenya ikaichagua iwakilishe nchi katika tuzo za Oscar, upande wa filamu za lugha za kigeni. Haikuingia kwenye orodha ya walioteuliwa, lakini kuchaguliwa ni heshima.

Hapo nikamuuliza kijana: "Na wewe uliilipia wapi?"

Wakatazamana, wakacheka. Flashi ilikuwa imetoka kwa rafiki wa rafiki. Chumba kizima, pamoja na mimi mzee wao, tulikuwa tumelia bure.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini kutunzwa kwenyewe huwa ni noti kipajini mwa mchezaji. Sisi twangoja wageni wapige makofi, kisha twaichukua kazi kwa flashi na kusema "Wakenya nao wameweza." Waliokuwepo enzi za sinema za Kihindi wakumbuka tulivyopanga foleni na kulipa tiketi kumtazama Amitabh Bachchan, na hadithi moja tukiitazama mara tatu. Subira, filamu ya msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini, ilichaguliwa kuiwakilisha Kenya mwaka 2019. Ni hadithi ya kwetu, ya bahari yetu na mabuibui yetu. Jiulize, msomaji, uliitazama? Na ulilipa?

Baada ya filamu ukazuka mjadala. Kijana mmoja wa Kitale alisema kijiji kimemdanganya mtoto na uongo ni uongo. Mpwangu akajibu kuwa hakuna aliyemwambia atapona, walimpa tu furaha. Mimi nilikuwa nikiwaza jengine. Dini yatufunza kumzuru mgonjwa, na wengi wetu twaenda, twakaa dakika tano, twasema pole, twaondoka. Kile kijiji kilikaa. Niliwaza jirani yangu wa zamani aliyeugua muda mrefu, na siku nilizopita mlangoni kwake kwa haraka zangu. Hotuba yangu ikaniishia mdomoni.

Ndipo akanionyesha kazi yao. Dakika kumi na mbili, ya bibi anayekataa kuuza baiskeli ya marehemu mumewe. Sauti yakwaruza na taa ni ya jua tu. Lakini nilicheka mahali pa kucheka.

Tukakubaliana. Mitihani kwanza, kwa sababu mamake amesimama motoni kwa ajili yake. Mwisho wa wiki, filamu. Na siku watakapoionyesha hapo Kibabii, watoze kiingilio, hata shilingi ishirini, ili mtazamaji ajue kuwa hiyo ni kazi na wao wajue nani yuko tayari kuilipia. Yeye naye atafute Supa Modo kwa njia ya halali.

Nimerudi Mombasa. Ile ya bibi na baiskeli nilimwonyesha dadangu kwenye simu, karai likiwa motoni. Aliitazama yote bila neno, bhajia zikaungua. Kisha akaniuliza: "Huyo bibi, walimlipa?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi muulize. Mwanangu asije akala jasho la mtu."