Nguvu ya Mtaa Mbele ya Bunduki



Wengi hudhani kuwa utawala wa kijeshi huondolewa na wakubwa wapatanao katika majumba ya mikutano. Wanaharakati wa Sudan waliokimbilia Cairo, Nairobi na Kampala wanajua kwamba sivyo, na historia ya nchi yao ni shahidi. Mara tatu migomo na maandamano ya raia yamewang'oa majemadari: Ibrahim Abboud mwaka 1964, Jaafar Nimeiri mwaka 1985, na Omar al-Bashir mwaka 2019.

Lakini kung'oa ni jambo moja, na kuizuia bunduki isirejee ni jingine. Tarehe 3 Juni 2019, katika siku za mwisho za Ramadhani, askari waliwashambulia raia walioketi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, wakaua zaidi ya mia moja. Intaneti ikakatwa. Hata hivyo, tarehe 30 Juni barabara zilifurika watu, kwani habari zilipita kwa mdomo, nyumba hata nyumba. Kazi hiyo ilifanywa na kamati za mitaa, vijana wake kwa waume wajuanao kwa majina. Na Jemadari Abdel Fattah al-Burhan alipopindua serikali tarehe 25 Oktoba 2021, kamati zilimjibu kwa mambo matatu: hapana mazungumzo, hapana ushirika, hapana uhalali.

Tarehe 15 Aprili 2023 vikazuka vita baina ya jeshi na kikosi cha RSF. Wengi katika vijana wale wale wakaanzisha vyumba vya dharura: hupikia mtaa mzima, hutafuta dawa, huwaondoa watu penye hatari. Asili yake ni desturi ya kale iitwayo nafir, mwito wa kusaidiana, mfano wa ujima kwetu.

Basi aliye ugenini ana wajibu gani? Si kujifanya msemaji wa wenye njaa, ilhali yeye ameshiba. Wajibu wake ni kupeleka fedha, kuwasikiliza walio ndani, na kuyafikisha maneno yao kama walivyoyasema. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, majiko mengi yalizimika. Mengine yakaendelea kwa michango ya Wasudani walio nje. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtaa uliozoea kushauriana na kula pamoja hautawaliki kwa hofu daima. Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu subira na amani. Amin.