Kuzuru Tsavo: Anachopaswa Kujua Mkazi wa Taita Taveta

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mkazi wa Voi, Mwatate au Taveta hupita kando ya mbuga hizi karibu kila anaposafiri. Ndovu anawajua kwa mahindi yaliyokanyagwa na kwa usiku wa kukesha shambani. Hata hivyo, wapo watu wazima waliozaliwa na kulelewa hapa ambao hawajawahi kupita lango la mbuga kama wageni, kwa kuamini kwamba Tsavo ni ya watalii kutoka ng'ambo. Dhana hiyo si sahihi. Mbuga iko wazi kwa kila Mkenya, na anayeishi jirani nayo ndiye anayetumia muda na nauli kidogo zaidi kuifikia.

Nani anasimamia mbuga?

Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa tarehe 1 Aprili 1948. Kwa sababu ya ukubwa wake, ambao unazidi kilomita 20,000 za mraba, iligawanywa sehemu mbili kurahisisha usimamizi. Reli na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa hupita kati ya sehemu hizo.

Chini ya Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, huku utalii wa ndani ukiwa miongoni mwa majukumu ya kaunti. Ndiyo maana mbuga zote mbili zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ada ya kuingia hulipwa kwa shirika hilo. Ofisi za kaunti haziuzi tiketi wala haziwezi kumwondolea mtu ada. Yeyote anayedai kuuza tiketi za mbuga kwa niaba ya kaunti anapaswa kuripotiwa kwa polisi.

Malipo na usafiri

Raia wa Kenya hulipa ada ya chini mno ikilinganishwa na ya mgeni kutoka ng'ambo, na watoto hulipa chini ya watu wazima. Ili kupata kiwango hicho ni lazima kuonyesha kitambulisho cha kitaifa langoni. Pesa taslimu hazipokelewi. Malipo hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen, kwa M-Pesa au kadi. Kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa, ni vyema kuvithibitisha kwenye mtandao huo kabla ya kukodisha gari. Ada ya gari na ya kupiga kambi hulipwa kando.

Matatu za abiria haziendi ndani ya mbuga, na pikipiki na baiskeli haziruhusiwi. Njia nafuu ni kundi la familia, chama au kanisa kuchanga na kukodisha gari moja. Lango la Voi liko karibu na mji wa Voi na huelekea Tsavo Mashariki. Anayetoka nje ya kaunti anaweza kushuka kituo cha Voi kwa treni ya Madaraka inayosimama vituo vya kati. Kwa Tsavo Magharibi, wakazi wa upande wa Mwatate na Taveta wana malango ya Maktau na Ziwani.

Wakati bora wa kuona wanyama ni kiangazi, hasa kati ya Juni na Oktoba na tena Januari na Februari. Nyasi huwa fupi na wanyama hukusanyika penye maji. Wakati wa mvua baadhi ya barabara huteleza, na gari dogo linaweza kukwama.

Kuna nini cha kuona?

Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba Kenya ina ndovu 36,280. Eneo pana la Tsavo ndilo lenye idadi kubwa zaidi nchini, takriban 15,000. Ndovu hawa huonekana wekundu kwa sababu hujirushia vumbi la udongo mwekundu ili kujikinga na jua na wadudu.

Katika Tsavo Mashariki, bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye Mto Voi, huvutia makundi ya wanyama. Jiwe la Mudanda hukusanya maji ya mvua na kuyaelekeza kwenye bwawa lililo chini yake, na mgeni huweza kutazama kutoka juu ndovu wakinywa.

Katika Tsavo Magharibi ziko chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha milima ya Chyulu hupenya kwenye miamba ya volkano, ikachujwa, kisha hutokeza Mzima ikiwa maji maangavu. Sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Kuna chumba kilichojengwa chini ya maji ambamo mgeni hutazama samaki, na akibahatika humwona kiboko. Hifadhi ya Ngulia, iliyoanzishwa 1986, huwalinda vifaru weusi ambao ujangili ulikaribia kuwamaliza.

Kupiga kambi

Ndololo, karibu na lango la Voi, ni eneo la umma la kupigia kambi ambalo familia inaweza kufika bila safari ndefu. Halina ua, kwa hivyo wanyama hupita humo usiku na mchana. Wapigaji kambi wanashauriwa hivi:

• Chakula kifungiwe ndani ya gari, si ndani ya hema. Nyani huiba mchana, na harufu ya matunda huweza kumvuta ndovu usiku.

• Hema lifungwe zipu wakati wote, na asitoke mtu gizani bila tochi wala peke yake.

• Kuni zisikatwe mbugani. Moto uwashwe mahali palipotengwa tu, na uzimwe kwa maji kabla ya kulala. Mwezi Agosti 2020 moto uliteketeza sehemu za Tsavo Magharibi, malisho yakaangamia.

• Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020. Maji yabebwe kwenye mitungi au chupa za kudumu.

• Nguo nyeusi na za buluu iliyokolea ziepukwe, kwani huwavutia mbung'o.

Usalama barabarani

Kasi ya juu ndani ya mbuga ni kilomita 40 kwa saa, na kuendesha gari usiku hakuruhusiwi. Kushuka garini kunaruhusiwa mahali palipotengwa pekee, kama vile Mzima, ambako askari wa KWS huwaongoza wageni.

Ndovu anayekunjua masikio, kuinua kichwa na kukabili gari anatoa onyo. Dereva asipige honi wala kuwasha taa kali. Arudi nyuma polepole, na kamwe asiingie kati ya mama na ndama. Onyo hili linawahusu pia wanaotumia barabara ya Voi kwenda Taveta, ambayo sehemu yake hukata Tsavo Magharibi.

Wanyama wanapotoka mbugani

Hasara inayosababishwa na wanyama ina utaratibu wake kisheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, fidia ni Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Madai ya mimea, mifugo na mali pia hupokelewa, lakini yanaweza kukataliwa iwapo mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kuvilinda.

Mwathiriwa anapaswa kuripoti mara moja katika ofisi ya KWS iliyo karibu, kupiga picha za uharibifu kabla ya kusafisha shamba, na kuhifadhi stakabadhi za hospitali au polisi. Madai hukaguliwa na kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, kisha hupelekwa serikali ya kitaifa. Malipo yamekuwa yakichelewa, na dai lisilo na stakabadhi kamili huchelewa zaidi. Kwa hivyo nakala ya kila fomu iwekwe nyumbani.

Shule zinazopanga ziara zinaweza kuomba ada ya wanafunzi kwa kuandikia KWS mapema. Mtoto aliyefunzwa mbugani kutambua onyo la ndovu atajua la kufanya siku atakapokutana naye njiani akitoka shule.