Simu Yako ya Vibonyezo Haijafa, Inataka Anwani Mbili

Juzi mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka pande za Runyenjes alinikuta mezani pangu mjini Embu, akaniwekea Nokia ya vibonyezo iliyochakaa pembeni. "Kijana wangu," akasema, "hii inapiga, inapokea, hata M-Pesa inatuma. Picha tu ndiyo imekataa." Alitaka kumtumia binti yake aliye Meru picha ya jani la kahawa lenye madoa ya rangi ya chungwa upande wa chini, ili amwonyeshe afisa wa kilimo. Alikuwa ameshaambiwa anunue simu nyingine.

Simu ile haikuwa na ugonjwa wowote. Kupiga na kutuma SMS hakuhitaji uandike chochote, kwa sababu laini inakuja na maelezo yake. Data ni tofauti: lazima simu iambiwe jina la lango la kuingilia, yaani APN. Simu za kisasa hujijazia jina hilo zenyewe. Za zamani husubiri kuandikiwa, na zile za mitumba mara nyingine hubaki na lango la mtandao wa mwenyewe wa kwanza.

Kwa laini ya Safaricom, lango ni safaricom, jina la mtumiaji ni saf, na nywila ni data, yote kwa herufi ndogo. Katika Nokia nyingi za vibonyezo, ingia Mipangilio, kisha Usanidi, ufungue akaunti mpya ya wavuti, uyajaze maneno hayo matatu. Usiishie hapo. Rudi nyuma uichague akaunti hiyo iwe ya kawaida kwa programu zote, kisha uzime simu na kuiwasha. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, halafu huilaumu simu.

Ujumbe wa picha, yaani MMS, unataka anwani ya pili. Picha haiendi moja kwa moja kwa mwenzako. Hupelekwa kwanza kwenye kituo cha mtandao, nacho humwarifu mpokeaji aje kuichukua. Kwa hiyo fungua akaunti nyingine ya ujumbe wa picha, uweke lango, jina na nywila zilezile, kisha uongeze anwani ya kituo: http://mms.gprs.safaricom.com, proksi 172.22.2.38, na poti 8080. Piga 100 kwanza uulize kama huduma hiyo iko wazi kwa laini yako. Simu ya mpokeaji nayo iwe imepangwa vivyo hivyo, la sivyo picha itakwama mlangoni.

Punguza pia ukubwa wa picha. Kwenye kamera chagua 640 kwa 480, usipite kilobaiti 300. Kwa mwendo wa GPRS wa kilobiti 40 kwa sekunde, picha ya ukubwa huo huchukua kama dakika moja. Na nchi yetu hii ni ya matuta na mabonde: ukiteremka mtoni Rupingazi au Kathita, alama ya mtandao inaweza kupotea. Panda juu ya tuta ndipo utume, na usipige simu kabla picha haijaondoka.

Usitarajie WhatsApp. Nokia za S40 zilikatiwa huduma hiyo tarehe 31 Desemba 2018. Kusoma kurasa za wavuti bado kunawezekana kwa Opera Mini, ambayo hupunguza ukurasa kwenye mitambo yake kabla ya kukuletea, ingawa tovuti nyingine zitakataa.

Tulisubiri pamoja, mama akikitazama kile kimstari kikijaa polepole kwenye skrini. Baadaye binti akapiga: afisa amesema ni kutu ya majani. Kabla mama hajaondoka, niliziandika zile anwani mbili kwenye kikaratasi, nikakikunja na kukiweka chini ya kifuniko cha betri. Siku simu itakaposahau, atakayeifungua atakikuta hapo.